Kuangalia Ndege wa Uani Msimu wa Masika: Mwongozo kwa Anayeanza

Kila mwaka ikifika Machi maswali ni yale yale. "Kuna kandege kanang'aa kwenye ua la mgomba, ni kandege gani?" "Ninunue darubini ipi?" "Mbona nikituma picha kwenye kundi letu la simu la wapenda ndege naulizwa maswali kama niko polisi?" Nimeona niyajibu yote mahali pamoja. Mwongozo huu ni wa mtu mwenye ua, kibaraza, au hata dirisha la ghorofa linalotazama mti mmoja tu, anayetaka kuwajua ndege wa karibu naye na kuwapa wenzake taarifa inayoweza kutumika.

Kwa nini masika? Mvua za Machi hadi Mei huleta wadudu na mbegu, kwa hiyo ndege wetu wengi hujenga viota na madume huvaa rangi zao za harusi. Wakati huo huo wageni waliokimbia baridi ya Ulaya na Asia wanafunga safari kurudi kwao kuzaa. Kwa wiki chache wenyeji na wageni wanakutana uani kwako. Ukianza Julai pia utajifunza, ila utasumbuka na vindege vingi vya kahawia vinavyofanana.

Vitu vya kuwa navyo

Daftari dogo na penseli. Penseli, kwa sababu wino wa kalamu hutawanyika karatasi ikilowa, na masika italowa.

Simu yenye nafasi ya kutosha. Pakua Merlin, programu ya kukusaidia kutambua ndege, na eBird, ya kuandikia orodha za ndege uliowaona. Zote mbili ni za bure na zinatoka Chuo Kikuu cha Cornell huko Marekani. Kwenye Merlin pakua pia kifurushi cha ndege wa nchi yako ili ifanye kazi bila bando.

Kitabu cha kutambulia ndege wa Afrika Mashariki, chenye michoro. Michoro inamfaa anayeanza kuliko picha, maana mchoraji anaonyesha dume, jike na kinda kwa pozi moja.

Darubini, ukiweza. Anza bila hiyo kuliko kungoja mwaka mzima. Ukinunua, tafuta iliyoandikwa 8x42: inakuza mara nane, na lenzi za mbele zina upana wa milimita 42, kwa hiyo inaona vizuri hata alfajiri. Zile zinazojisifu kukuza mara thelathini au hamsini mezani kwa machinga ziache. Mkono ukitikisika kidogo tu, ndege amepotea.

Sahani pana ya udongo au beseni lisilo na kina.

Subira ya nusu saa bila kuchati.

Hatua kwa hatua

1. Chagua mahali pamoja pa kukaa, usihamehame

Keti mgongo ukiwa ukutani au penye kivuli, jua likiwa nyuma yako. Ukitazama upande wa jua, ndege wote watakuwa weusi. Muda mzuri ni tangu kupambazuka hadi saa mbili na nusu asubuhi, kisha tena kuanzia saa kumi na nusu jioni. Vaa nguo zisizong'aa. Dakika kumi za kwanza hutaona kitu cha maana, kwa sababu ndege wanakutazama wewe kwanza.

Saa nyingine ya kungojea ni pale mvua kubwa inapokatika na kumbikumbi wakaanza kutoka ardhini. Hapo acha chai ipoe. Shorewanda watawadaka hewani, minana watawaokota majanini, mbayuwayu watakata juu yako, na mwewe atapita akiwanyaka kwa kucha na kula huku anaruka. Ndege ambao kwa kawaida hufichama kwenye vichaka hutoka waziwazi. Robo saa ya kumbikumbi inaweza kukupa orodha ndefu kuliko asubuhi nzima ya kawaida.

2. Weka maji

Maji yanavuta ndege wengi kuliko chakula, hata msimu wa mvua, kwa sababu wanataka kuoga. Kina kisizidi sentimita tano. Weka jiwe katikati lichomoze juu ya maji ili wadogo wapate pa kusimama. Kiweke chombo mita mbili au tatu kutoka kwenye kichaka: karibu vya kutosha ndege akimbilie humo, mbali vya kutosha paka asimrukie kwa kushtukiza.

Onyo: mwaga maji na usugue chombo kila siku. Mbu wa dengi anapenda vyombo vidogo vya namna hii hii, na jirani yako hatakusamehe kwa sababu eti unapenda ndege.

Chakula ni hiari. Mtama, uwele na chenga za mchele huwaleta tetere, shomoro na minana. Kipande cha papai bivu huwaleta shorewanda na kuzumburu, yule mwenye kishungi na mkia mrefu. Usiweke ugali uliolala, mabaki yenye chumvi wala mkate wenye ukungu. Kwa chozi usihangaike na maji ya sukari. Panda mshubiri, au acha tu ule mgomba utoe ua.

3. Wajue wa kila siku kwanza

Hapa ndipo wengi wanaruka, kisha wanalalamika kwamba ndege ni wagumu. Kabla ya kumtafuta mgeni, jifunze ndege kumi wa uani mpaka uwatambue hata wakiwa kivuli. Kwa Pwani na miji mingi ya bara, wafuatao wanatosha kukuanzisha.

Shorewanda: kahawia, kichwa cheusi chenye kishungi kifupi, na manjano chini ya mkia. Huyo ndiye kipimo chako. Kila ndege mpya mlinganishe naye: mkubwa kuliko shorewanda, au mdogo?

Kunguru: wako wawili. Mwenye kifua na shingo nyeupe ni mwenyeji. Mwembamba mwenye shingo ya kijivu ni yule wa Bara Hindi, aliyeletwa Zanzibar miaka ya 1890 ale taka za mji, na tangu hapo anakula pia mayai na makinda ya wenzake.

Mnana: wa manjano, wenye kelele, wanaoning'iniza viota kwenye minazi na miti ya karibu na maji. Mtazame dume kwa karibu. Anachana ukanda mrefu wa jani la mnazi, anaupitisha kwa mdomo, anafunga, anavuta. Akimaliza ananing'inia chini ya kiota akipepesa mbawa kumwita jike. Jike huingia, hukagua, na mara nyingi huondoka bila kuaga. Kiota kilichokataliwa kikianza kunyauka, dume hukibomoa mwenyewe na kuanza upya.

Chozi: mdogo, mdomo mrefu uliopinda. Dume hung'aa kijani, zambarau au shaba kufuatana na aina. Jike ni wa rangi ya vumbi. Huyu ndiye "kandege" wa swali la kila mwaka. Siye yule ndege mvumaji wa kwenye vipindi vya televisheni. Wavumaji wanaishi Amerika peke yake.

Waongeze tetere, shomoro, mwewe, mbayuwayu, kuzumburu, na dudumizi, ambaye wengine humwita tipitipi. Ukiwa Nairobi mtoe mmoja uweke kwarara, yule ndege mkubwa mwenye mdomo mrefu uliopinda. Hutamkosa, anapiga kelele juu ya paa kabla saa yako ya kuamkia haijalia.

4. Tazama kwa mpangilio huu

Ukubwa, umbo la mdomo, mkia, anachofanya, halafu ndiyo rangi. Anayeanza huanzia rangi, na rangi ndiyo hudanganya kuliko vyote: mwanga hubadilika, jike hafanani na dume, kinda hafanani na yeyote. Mdomo haudanganyi. Mnene na mfupi ni wa mbegu, mwembamba na mnyoofu ni wa wadudu, mrefu uliopinda ni wa nekta, wenye ndoana ni wa nyama. Anachofanya nacho kinasema mengi: ndege mweusi na mweupe anayetembea bila kurukaruka huku akitikisa mkia umeshamjua nusu.

Ukitumia darubini, mkazie macho ndege, kisha inue darubini ije machoni bila kuyahamisha. Usiinue kwanza ukaanza kutafuta. Na kabla ya yote irekebishe kwa macho yako: ziba lenzi ya kulia, zungusha gurudumu la katikati mpaka jicho la kushoto lione vizuri, kisha ziba ya kushoto, zungusha pete iliyo kwenye jicho la kulia. Mwenye miwani ashushe vile vikombe vya mpira au azungushe viingie ndani. Wengi wanaosema darubini yao mbovu hawajawahi kuigusa ile pete.

5. Sikiliza

Masika ndege wanaoimba ni wengi kuliko wanaoonekana. Dudumizi hutoa mlio unaoshuka kama maji yanayomiminwa kutoka chupa yenye shingo nyembamba, na wazee husema anaita mvua. Kekeo mwenye kifua chekundu hurudia sauti tatu zinazoshuka, mchana kutwa, mpaka utamani ahame mtaa. Alfajiri kabisa utamsikia kurumbiza, mwenye nyusi nyeupe na kifua cha rangi ya chungwa, akianza polepole kisha akipandisha.

Rekodi sauti kwa simu. Merlin ikikupa jina, lichukue kama fununu ya kukuambia utafute wapi. Usiandike jina kwa sababu tu programu imelisema.

Onyo: usimpigie ndege sauti yake kwenye spika ili ajitokeze. Msimu wa kuzaa anadhani amevamiwa, anaacha mayai aje kupigana na simu.

6. Andika papo hapo

Andika tarehe, saa, mahali, hali ya hewa, idadi, na ulichokiona kabla ya jina. Namna hii:

"12 Aprili, saa 1:10 asubuhi, Tanga mjini, uani. Mawingu, mvua imekatika. Ndege kama 15, juu, wanaelekea kaskazini, wanaitana. Koo la manjano, mgongo wa rangi ya kutu. Keremkerem wa Ulaya."

Tazama kilichofanya kazi hapo. Kuna keremkerem mwingine mgeni, mwenye mashavu ya buluu, anayepita msimu huo huo, naye ni wa kijani karibu mwili mzima. Neno "kutu" ndilo limemaliza ubishi. Angeandika "keremkerem, wazuri sana," tusingekuwa na kitu.

7. Waangalie wageni wakiondoka

Kuanzia katikati ya Machi tazama juu mara kwa mara. Mbayuwayu wa Ulaya, mgongo wa buluu iliyoiva, koo jekundu na mkanda mweusi kifuani, hujipanga kwenye nyaya za umeme kabla ya kuondoka. Usimchanganye na mbayuwayu wetu mwenye michirizi kifuani. Mwanzoni mwa Aprili kambu wa Ulaya hupita kwa wingi kwenye mkanda wa pwani ya Tanzania na Kenya. Huyo kifua chake ni cha buluu na mkia hauna nyuzi. Kambu wa kwetu wa kwenye mbuga, mwenye kifua cha zambarau, ana nyuzi mbili ndefu mkiani. Walio karibu na ufuo wenye matope, tazameni vindege vya ufukweni: wale waliokuwa kijivu tangu Novemba sasa wengine wamekuwa wekundu tumboni, tayari kwa kaskazini.

Kinachotafutwa hapa ni tarehe ya mwisho. Kila mtu huandika alipomwona mgeni mara ya kwanza; wachache huandika mara ya mwisho. Kwa hiyo andika hata siku ambayo hukuwaona, mradi uliketi ukatazama.

8. Piga picha ya ushahidi, isiwe ya mashindano

Picha yenye ukungu inayoonyesha mdomo na mkia ina faida kuliko nzuri ya mgongo. Unaweza kubana lenzi ya simu kwenye tundu moja la darubini; shika zote kwa mkono mmoja, viwiko mezani. Piga nyingi haraka kisha uchague.

9. Washirikishe wenzako

Ukituma kundini, weka picha au sauti, mtaa na mji, tarehe na saa, idadi, na sababu za jina ulilompa. Kama hujui jina, sema hujui. Wataalamu wanapenda swali safi kuliko jibu bovu. Usitume picha uliyoikuta mtandaoni kana kwamba ni ya uani kwako. Mtu ataijua.

Onyo kubwa: usitaje mahali hasa palipo na kiota, wala anapolala bundi. Bado wako wanaoamini bundi ni mkosi na watamfuata kwa mawe, na wako wanaokamata ndege kuuza. Taja wilaya tu. Na ondoa alama ya mahali (location) ambayo simu huificha ndani ya picha kabla ya kuituma, kwa usalama wako mwenyewe.

Kundi la simu husahau; baada ya wiki ujumbe umezama chini ya salamu za asubuhi. Ndiyo maana peleka orodha eBird pia. Weka muda ulioanza na dakika ulizokaa. Ukiulizwa kama orodha ni kamili, jibu ndiyo iwapo umeandika kila ndege uliyemtambua, pamoja na kunguru. Ukishindwa kuhesabu weka X. Kila Mei kuna Jumamosi moja ambapo watu dunia nzima huhesabu ndege siku hiyo hiyo kupitia eBird. Ni siku nzuri ya kujaribu orodha yako ya kwanza.

Mlioko Kenya mna pia Kenya Bird Map, mradi wa kuchora ramani ya ndege wa nchi nzima. Nchi imegawanywa viboksi vya takriban kilomita 9 kwa 9. Unatazama angalau saa mbili ndani ya kiboksi kimoja, na una hadi siku tano za kuongeza wapya, ukiwaandika kwa mfuatano uliowaona. Na ukiwa Nairobi, Nature Kenya, chama cha wapenda mazingira, wana matembezi ya ndege kila Jumatano asubuhi yanayoanzia makumbusho ya taifa. Asubuhi moja na watu wanaojua inakufikisha mbali kuliko mwezi wa kubishana kwenye simu.

Makosa yanayorudiwa

Jike la mnana kuitwa shomoro. Tazama mdomo: wa mnana ni mrefu zaidi na umechongoka.

Mwewe kuitwa tai. Akigeuka hewani mkia wake una pengo katikati na anauzungusha huku na huku.

Teleka kuitwa mbayuwayu. Teleka hatui kwenye waya hata siku moja. Ukimwona ametua kwenye waya, si teleka.

Kumpa ndege jina la nchi nyingine kwa sababu picha ya kwanza mtandaoni ilifanana. Anza na wa kwenu. Mgeni wa ajabu awe wa mwisho kwenye orodha ya uwezekano.

Kukata matawi "ili kiota kionekane vizuri". Usifanye. Kunguru naye anakiona.

Kuelekeza darubini kwenye kambi ya jeshi, uwanja wa ndege, bandari au dirisha la jirani. Maelezo utakayotoa hayatasikilizwa mapema.

Ikikwama

Hakuna ndege wanaokuja. Ngoja wiki mbili bila kuhamisha maji. Kama ua umesakafiwa wote, weka hata vyungu vitatu vya mimea, na acha kona moja isifagiliwe. Wadudu wakija, ndege watawafuata.

Kunguru wamejaa. Ondoa chakula kabisa, funika pipa la taka, bakisha maji tu.

Ndege anagonga kioo cha dirisha au cha gari kila asubuhi. Ni dume anayepigana na sura yake. Paka sabuni kwa nje ya kioo au funika kioo cha gari kwa mfuko. Baada ya msimu wa kuzaa ataacha.

Kinda yuko chini. Kama ana manyoya na anarukaruka, mwache, wazazi wako karibu. Fungia paka ndani. Kama hana manyoya na kiota kinafikika, mrudishe. Wazazi hawatamkataa kwa sababu umemgusa.

Ndege kadhaa wamekufa pamoja. Usiwaguse kwa mikono mitupu. Mjulishe ofisa mifugo wa kata.

Darubini imeingia ukungu. Usiifungue. Ifungie siku mbili kwenye mfuko pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyowekwa ndani ya viatu vipya, na usiianike juani.

Wenzako wamekataa jina ulilotoa. Waulize wanaangalia nini, kisha rudi kwenye daftari. Kama uliandika mdomo na mkia, mjadala unaisha haraka. Kama hukuandika, badilisha iwe "chozi jike, aina haikujulikana". eBird nayo inakubali maingizo ya namna hiyo.